Uzi wa Kijani

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba ya mapema, maana najua shikamoo yako iko njiani hata kama barua yenyewe hujaiandika. Sisi huku wazima. Mpwa wako ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa kila neno lake linatoka na mluzi, tena anaringa nao. Bati la upande wa jikoni lililokuwa linavuja tumeliziba. Wifi yangu anaendeleaje na mimba? Mwambie asinyanyue ndoo ya maji, na wewe usijifanye hukuiona hiyo ndoo.

Shemeji yako anakusalimia sana. Najua umezoea kuikuta mistari yake chini ya yangu, na najua utauliza, basi nakuwahi: ana shughuli nyingi, ataandika akipata nafasi.

Sasa nije kwenye kilichonikalisha hapa. Dereva wa lori la kampuni yenu alipokuja juzi kushusha mzigo alituachia habari mbaya. Karakana zote ndogo zinazoifungia kampuni miavuli zitapimwa mwaka huu, na zitakazoonekana za polepole hazitaletewa kazi tena. Aliyasema hayo huku akitazama matairi yake, hakututazama sisi.

Huenda umeshaisahau kazi iliyokulea, wewe mtu wa ghorofani, kwa hiyo nakukumbusha. Kampuni inashona vitambaa kwa mashine na inakunja fremu za chuma kwa mashine, lakini kukifunga kitambaa kwenye mbavu za mwavuli bado ni sindano, uzi na vidole. Hapo ndipo tunapoingia sisi. Tunakaa duara kwenye stuli, mwavuli uko wazi katikati, kila mtu anafunga ubavu wake na kumsukumia jirani. Anaanza Mama Mdogo huku anaongea, na ndiyo maana hapa kila mtu anamwita Redio. Wa mwisho ni shemeji yako, kwa sababu karakana ni yake na fundo la mwisho ndilo linalobeba mvuto wa kitambaa chote. Kisha mimi naukagua na kuukunja.

Wewe uko kwenye hiyo idara yao ya tija. Basi tuambie, Bwana Tija, wanataka nini hasa. Humu ndani hakuna mwenye kazi nyingine ya kukimbilia. Shemeji yako ndiye zaidi. Mtoe kwenye stuli ile, sijui utampeleka wapi.

Dada yako


25 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeileta kama ulivyotabiri. Mpe shemeji shikamoo yake peke yake, usiichanganye na yako. Wifi yako anaendelea vizuri, ila miguu inamvimba jioni. Ndoo nabeba mimi, na majirani wamenicheka wee mpaka wamechoka.

Barua yako imenitia wasiwasi, lakini pia imenifurahisha, kwa sababu hili naliweza. Ni kazi yangu. Habari ya dereva ni ya kweli.

Tija ni kile ambacho mtu anakitoa kwa muda anaoutumia kazini. Hapa kiwandani mtu mmoja anatoa kazi ambayo kwenye karakana ndogo inahitaji watu watatu. Sisemi kwa dharau, Dada, ndivyo vipimo vinavyosema. Lakini kuna jambo ambalo wakubwa wangu wengi hawalioni na mimi nalipigania kila siku: mkubwa na mdogo wanakwenda pamoja. Nimetembelea sehemu ambako viwanda vikubwa vinafanya vizuri, na karakana zinazovizunguka nazo zinafanya vizuri, maana mkubwa anampa mdogo vifaa, anamwonyesha njia, anamwambia mapema kinachohitajika. Na mdogo akijikokota, mkubwa naye anakwama. Mwezi uliopita ukumbi wetu mzima ulikaa asubuhi nzima ukisubiri lori kutoka kwenu na kwa wenzenu. Mashine kimya, watu wanapiga soga. Mwavuli usiofungwa hauuziki hata uwe mzuri namna gani.

Kwa hiyo nisikilize. Mambo ni mawili tu. Kwanza, acheni kuuzungusha mwavuli. Muda mwingi unaliwa na kule kupokezana. Pangeni stuli kwa mstari, kila mtu afunge mwavuli wake peke yake, mwanzo hadi mwisho, na aukunje mwenyewe. Pili, nawaletea kwa lori nyuzi za rangi mbalimbali. Kila mtu achague rangi yake na afungie hiyo tu. Hapo mwavuli ukirudishwa kwa kasoro tutajua nani wa kusaidiwa, na ukisifiwa tutajua nani wa kusifiwa.

Nimemwambia mkuu wa idara kwamba karakana hiyo ndiyo iliyonilea, na nimewadhamini kwa jina langu. Msiniangushe.

Mwambie shemeji nimeukosa mwandiko wake. Hapa ofisini wananisifu mwandiko, na mimi nawaambia huu si wangu, ni wa mume wa dada yangu. Nakumbuka alivyokuwa akinikalisha na daftari nirudie herufi zake mstari kwa mstari, kisha anasahihisha kwa wino wa kijani kwa sababu wino mwekundu ulikuwa unaniliza. Aandike hata neno moja.

Mdogo wako


22 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Tunaendelea vizuri. Mpwa wako meno yameanza kuota na mluzi unapotea, amesikitika. Mama Mdogo alikuwa na homa, akanyamaza kutwa nzima, na sisi tukaogopa kweli. Sasa amepona na analipa deni la maneno. Wifi aweke miguu juu ya mto anapokaa.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nabishana nawe kichwani. Unasema mtu mmoja kwenu ni sawa na watatu kwangu. Sawa. Sasa niambie, huo mwavuli anaoutoa huyo mtu mmoja, umefungwa na vidole vya nani? Kazi ya mashine mmebaki nayo, kazi ya vidole mmetuletea sisi, kisha mnakuja kutupima kama tulikuwa tunafanya kazi moja. Ukiwatafuta hao watu wawili wengine utawakuta huku kwangu, wamekaa kwenye stuli, na mmoja wao anaongea.

Haya, nimekwisha kusema, moyo umepoa kidogo.

Mimi nilitaka kukataa. Duara letu lina maana yake. Mtu akichoka, jirani anamfidia bila kuulizwa na bila kutangaza, na mwavuli unatoka mzima. Kwenye mstari kila mtu anatazama mgongo wa mwenzake. Nilipomsomea shemeji yako barua yako nilitaka hata kuiruka ile sehemu ya stuli, lakini sauti yangu ilinisaliti, akaniambia nirudie. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huyu tulimsomesha ili atuambie tusichokijua. Sasa katuambia, tena tumkatalie?"

Akainuka akazigeuza stuli yeye mwenyewe, moja moja, mpaka zote zikatazama upande mmoja. Mama Mdogo alinuna. Alisema, "Sasa nitaongea na kisogo cha nani?" Siku hiyo aliongea kidogo.

Nyuzi zimefika. Kila mtu amechagua rangi. Tumeanza.

Nilimpa shemeji yako kalamu. Aliishika, akaiweka mezani, akasema atakuandikia siku nyingine. Usimdai.

Dada yako


9 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo sana. Wifi yako amebakiza siku chache na kitanda cha mtoto nimekiunda mwenyewe. Kimepinda kidogo, lakini kinasimama.

Nina furaha mpaka nashindwa kukaa kwenye kiti! Kazi mnayotoa sasa inakaribia mara mbili ya ile ya zamani. Karakana yenu imetajwa kwenye mkutano mkubwa, Dada. Mkuu wa idara alisimama akasema, "Hivi ndivyo mdogo anavyokua akishikwa mkono na mkubwa." Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, macho yananilengalenga. Nilimfikiria shemeji alivyoianza ile karakana kwenye kibaraza chenu, na leo inatajwa mbele ya wakurugenzi.

Sasa kuna jambo moja dogo. Miavuli inayorudishwa kwa kasoro ni michache, lakini karibu yote ina uzi wa kijani. Mafundo yamelegea, kitambaa kinaachia ubavu upepo ukivuma kidogo tu. Mingine fundo halikufungwa kabisa, uzi umezungushwa tu ukaachwa. Rangi nyingine zote ni safi, za kupigiwa mfano. Ni huyu mmoja anayewachafulia wote.

Ni nani? Ni mgeni mmemchukua? Kama ni mgeni mwambieni kwa upole, na kama ni mzembe mwambieni bila upole. Mpeni kufagia au kupanga vikofia vya ncha za mbavu, lakini sindano asishike. Mkaguzi amesema uzi wa kijani usionekane tena. Mtoeni, Dada, kabla hajawatoa nyote.

Na nyuzi zimetusaidia, umeona? Bila nyuzi tusingemjua.

Mdogo wako


30 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo nyote na wifi yangu amejifungua salama. Sisi tupo. Mvua kubwa imenyesha na bati halikuvuja. Mpwa wako ameanza kuandika jina lake.

Kuhusu huyo wa kijani. Si mgeni na si mzembe. Ni mtu wetu. Liache hilo kwangu, nitalimaliza mwenyewe, na usiniulize tena ni nani.

Shemeji yako alikaa nyumbani siku kadhaa, mafua. Nilimsomea barua yako, ila kuna sehemu niliiruka. Safari hii sauti haikunisaliti, lakini aliniomba karatasi akaisoma mwenyewe, polepole, akaikunja, akanirudishia. Akasema umeandika vizuri.

Ameniita nikamfunge vifungo vya shati, naiacha kalamu.

Nimerudi. Nilikuwa na la kuongeza lakini limenitoka.

Dada yako


15 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Mtoto amezaliwa, wa kike, mzima, mama yake mzima. Analia kwa nguvu mpaka mwenye nyumba anabisha hodi. Ana paji lako la uso. Nilitaka barua hii iwe ya mtoto tu.

Dada, mlikuwa mnafikiri nini?

Lori la juzi limeleta mzigo wenu, na mkaguzi aliniita ghalani mbele ya watu wote. Kila mwavuli uzi wa kijani. Wote! Wa juu kijani, wa chini kijani, wa katikati kijani. Alicheka kwanza, akidhani rangi nyingine zimewaishia. Kisha akaanza kuifungua mmoja mmoja, akakuta mingi ni mizuri na mingine michache imelegea kama kawaida, na haiwezekani kujua ya nani ni ipi. Akaacha kucheka. Mkuu wa idara anauita udanganyifu. Amesema karakana inayomficha mtu wake mbovu haina tija hata itoe miavuli mingapi, na kwamba mimi nimemwaibisha, kwa kuwa niliwadhamini.

Niliwaomba mtu mmoja. Mmoja tu, ili wengine wote wabaki. Nilihangaika miezi kwa ajili yenu. Nilidhani mnanisikiliza.

Lori halitakuja tena kuwaletea kazi. Litakuja mara moja kuchukua fremu na vitambaa vilivyobaki. Barua rasmi itawafikia. Uamuzi umetoka juu, sina la kufanya.

Msalimie shemeji. Mwambie nasikitika.

Mdogo wako


23 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Hongera ya mtoto. Nimemshonea kigauni, nitakileta au nitakituma, sijui. Kama ana paji langu basi atakuwa mbishi, jiandae. Mpwa wako anasimulia mtaani kwamba yeye ni kaka mkubwa wa mtu. Mama Mdogo ana afya lakini hana mahali pa kuongelea, siku hizi anakuja kwetu asubuhi na kukaa kwenye stuli yake katika karakana tupu.

Umeuliza tulikuwa tunafikiri nini. Hatukufikiri. Hakuna aliyeitisha kikao. Baada ya barua yako ya mwezi wa nne, asubuhi moja Mama Mdogo aliingia, akapita kwenye uzi wake mwekundu bila kuugusa, akaenda kwenye stuli ya mbele, akakata kipande kirefu cha uzi wa kijani, akarudi akaketi. Hakusema neno, yeye Redio. Aliyemfuata akafanya vilevile. Kisha na mimi. Mpaka adhuhuri hakukuwa na rangi nyingine mle ndani. Mwenye uzi wake alituangalia mmoja mmoja, akatoka nje bombani, akawa ananawa mikono. Alinawa mpaka nikamfuata nikafunga maji.

Ni shemeji yako. Sasa umejua, kama hukuwa unajua. Alichagua kijani kwa ajili yako, kwa sababu ya ule wino. Alisema utakapouona utacheka.

Mikono yake inatetemeka tangu mwaka jana. Ilianza na kikombe, ikaja kalamu, ikaja sindano. Daktari amesema haitarudi kama zamani. Hakutaka nikuambie. Alisema utaacha kazi yako uje kutulilia huku. Kwenye duara alikuwa anafunga ubavu wa mwisho kadiri alivyoweza, kisha mwavuli unakuja kwangu nikunje, na mimi kabla ya kukunja naweka fundo langu juu ya la kwake. Nilidhani hajui. Siku ile bombani ndipo aliponiambia alijua tangu wiki ya kwanza, na kwamba kila jioni alikuwa anajiapiza kesho hatakuja, na kila asubuhi anakuja, kwa sababu nilikuwa nafanya haraka sana asione, na hakutaka kuniumbua.

Ulipotupanga kwa mstari mkono wangu haukumfikia tena. Ndiyo hasara tuliyoipata kwenye tija yako. Wengine wote wakawa wepesi zaidi, sikatai, na yeye akabaki peke yake na mwavuli mzima.

Barua rasmi ilifika. Niliifungua mimi. Unasema uamuzi umetoka juu, na huenda ni kweli, lakini sahihi iliyo chini yake hukututajia ni ya nani. Haikuwa lazima. Nilimpa shemeji yako aone, akaitazama muda mrefu, akatabasamu. Akasema, "Herufi ya mwisho bado anaivuta mkia. Nilimkataza sana." Yeye ndiye aliyekufundisha kuandika, angeshindwaje kuujua mkono wake mwenyewe?

Sikuchukii. Nimejaribu wiki nzima na nimeshindwa. Lakini nina uchungu nawe, na sitaki uuchukulie kuwa kitu kidogo.

Lori lilikuja likachukua kila kitu. Dereva alishuka akamwamkia shemeji yako mara mbili.

Dada yako


11 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Mtoto anakaa. Anakalia mto, anaanguka, anacheka. Wifi yako anasema nikikaa na mtoto muda mrefu bila kuongea, mtoto anaanza kunitazama kwa mashaka.

Nimeandika barua nyingi kwako tangu mwezi wa sita na zote nimezichana. Kila moja ilikuwa na maelezo mazuri. Hii haina. Nilitia sahihi. Waliniwekea karatasi mezani, mkuu amesimama pembeni, na nilitia.

Nataka kukueleza yaliyotokea huku, siyo kwa kujitetea. Walipowaacha ninyi na karakana nyingine ndogo, waliileta kazi ya kufunga ndani ya kiwanda. Meza ndefu, taa kali, vijana wenye macho mazuri. Mimi ndiye niliyepanga meza. Mwezi wa kwanza tukasema bado wanajifunza. Mwezi wa pili vitambaa vikarundikana upande mmoja na fremu upande mwingine, na mashine zikaanza kuzimwa mchana kwa kukosa pa kuweka mzigo. Ile kasi tuliyokuwa tunajisifia, mtu mmoja sawa na watatu, ilikwisha tu tulipojibebesha kazi yenu. Uliniandikia hilo mwezi wa tatu, na mimi nilicheka nikasema Dada naye. Mvua zimeanza, maduka yanatuma watu kuuliza miavuli, na sisi hatuna ya kuwapa. Sasa idara yangu ndiyo inayopimwa.

Wamekubali mrudi. Nilimwambia mkuu kwamba nitawaandikia kwa sharti moja, kwamba warudi wote, kwa duara, kwa uzi mweusi wa zamani. Aliuliza, "Na yule wa kijani?" Nikamwambia huyo ndiye baba yangu. Akasema sawa. Hana namna, mvua iko mlangoni kwake.

Nilikwenda ghalani. Nilitafuta mpaka nikapata mwavuli wenu wa mwaka jana, wa kabla ya nyuzi zangu. Niliufungua nikautazama ubavu wa mwisho kwa karibu. Kuna fundo la chini, limelegea, na juu yake kuna jingine limekaza. Nilikuwa nimeikagua miavuli hii maelfu, Dada, na sikuwahi kuona kwamba kuna mafundo mawili. Nilikaa chini palepale kati ya maboksi nikalia, na mkaguzi akanikuta.

Mwambie shemeji stuli yake inamsubiri. Mwambie na mengine yote, unayajua kuliko mimi.

Mdogo wako


20 Novemba

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Kigauni kimeondoka na dereva, kama hakimtoshi usiniambie. Mpwa wako sasa anaandika sentensi nzima na anaandika popote, hata ukutani. Mvua huku ni nyingi na bati limeanza tena.

Tumerudi kazini. Fremu zimefika, vitambaa vimefika, uzi ni mweusi. Stuli tumezigeuza zikatazamana, na Mama Mdogo alianza kuongea kabla hajakaa, akayamaliza yote ya miezi mitano. Watu wana furaha na mimi nina furaha kwa ajili yao. Mkuu wako mwambie tunakwenda kwa mwendo wetu, na kama mashine zake zinasubiri, zisubiri.

Shemeji yako hakurudi. Nilimsomea barua yako yote, safari hii sikuruka kitu. Nilipofika pale ulipomwita baba alinizuia kwa mkono, akatazama nje kidogo, kisha akaniambia niendelee. Nilipomaliza nilimwambia twende, stuli yako ipo. Akasema hapana. Akasema kijana alipima sawasawa, kasoro ilikuwepo, na yeye hataki tena watu wazima wakae wanaficha mikono yake. Nilibishana naye mpaka nikalia. Hakubadilika. Siku hizi anakaa nyumbani na redio, ile ya kweli. Jioni nikirudi ananiuliza, "Leo fundo la mwisho kafunga nani?" Namwambia mimi. Anaitikia kwa kichwa.

Ni kweli nafunga mimi. Nimehamia kwenye stuli yake, kwa hiyo sasa nafunga ubavu wa mwisho na kukunja pia. Nilikuwa najiona natoka na miavuli michache kuliko zamani, nikadhani ni uzee. Juzi Mama Mdogo akanishika kiganja, akasema, "Mwanangu, hilo lako limekaza. Unaliwekea la pili la nini?" Nikatazama. Kila mwavuli, tangu siku tuliyorudi, nilikuwa nafunga fundo langu, halafu nalifungia jingine juu yake. Nimejaribu kuacha. Mkono haukubali.

Ulimwomba neno moja na hukulipata. Leo asubuhi ameomba kalamu. Nilikaa mbali nikamenya viazi, sikumshika mkono, sikumsogezea karatasi. Imemchukua mpaka chakula cha mchana. Sijaongeza kitu hapo chini wala sijanyoosha herufi.

Dada yako

Bwana mdogo. Mwandiko wangu ndio huu sasa. Huu usiurudie. Njoo tu.